Tanga la Siwema

Siwema binti Bakili alikuwa fundi wa maturubai Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Magauni na suruali hakushona. Kazi yake ilikuwa vitambaa vizito: vya kufunikia mizigo ya mikokoteni, vya kukingia jua vibanda vya sokoni, mahema ya harusi na ya misiba. Cherehani yake kubwa ya miguu aliiweka barazani, maana turubai likikunjuliwa chumbani hapabaki pa kukanyaga. Alikuwa na tabia moja ambayo wateja waliizoea: ukimuuliza jambo, hakujibu mpaka amalize mshono aliokuwa nao chini ya sindano.

Alikuja mjini kutoka Mingoyo, Lindi, akiwa ameolewa na Nassibu, kuli wa bandarini. Miaka ya mwanzo, hata alipozaliwa binti yao Sofia, walikula jasho la Nassibu peke yake. Kisha Mzee Onesphory, Mchaga wa Kibosho aliyekuwa na duka la kamba na vitambaa vizito mtaa wa pili, alimwona yule mama kijana akipita kila asubuhi, anasimama, anashika kitambaa, anakiachia. Siku moja akamwekea kigoda barazani, akampa sindano na mabaki. Hapo ndipo Siwema alipoanzia, na hata baada ya kupata baraza lake mwenyewe, jioni alikuwa akipita kuketi kwenye kigoda kile, wanywe kahawa, wazungumze habari za mji.

Nassibu naye alikuwa na lake, na lake lilikuwa mashua. Nyuma ya ghala moja huko Kurasini zilikuwapo mashua tatu za mbao, zimelazwa juu ya matofali. Wazungu walizijenga zamani kwa ajili ya matembezi yao, wakaondoka, zikabaki zinaliwa na mchwa. Nassibu na makuli wenzake waliziomba, wakaambiwa wazichukue kabla hazijawa kuni. Wakaunda chama, wakamchagua Ignasi, karani wa pale pale bandarini, awe katibu. Kila Jumapili walikuwa huko: wanakwangua rangi, wanaziba nyufa kwa pamba, wanapaka mafuta ya papa mpaka hapakaliki karibu na nguo zao. Mashua mbili walizipa majina mapya, Sabasaba na Mshikamano. Ya tatu ilikuwa na herufi za shaba zilizozama ndani ya mbao, ikabaki na jina lake la zamani, Margareta.

"Mwenzangu umeoa mke wa Jumapili," Siwema alikuwa akimwambia mumewe, na hakuwa akitania.

Lakini yalipohitajika matanga, Nassibu alikuja kwa mkewe kama mteja, akasimama chini ya ngazi ya baraza akingoja amalize mshono.

"Mama Sofia, nataka unishonee matanga."

"Kwa kitambaa gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Madukani hapakuwa na sabuni, seuze turubai. Cha mashua mbili kilipatikana kwa kuunga amerikani kuukuu. Cha Sabasaba hakikupatikana kabisa, mpaka Siwema alipokwenda kwa Mzee Onesphory, na mzee akaingia stoo akatoka na furushi la kitambaa cha hema, kizito, chenye harufu ya moshi na ukungu.

"Kimetoka mnadani," alisema, kisha akaanza kupanga kamba ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Siwema alipokikunjua barazani kwake aliona pembeni maandishi meusi ya chapa: MALI YA SERIKALI, na namba chini yake. Alikaa nayo machoni mpaka adhana ya adhuhuri. Angeweza kukikunja akakirudisha. Angeweza kumuuliza mzee, mnada gani, wa lini. Lakini kumuuliza Mzee Onesphory swali kama lile kulikuwa ni kumwita mwizi, na kigoda kile hakukisahau. Akaingiza mkasi. Maandishi akayageuzia ndani, akayafunika kwa kiraka kwenye pembe ya chini ya tanga, akapiga mishono miwili miwili. Hakumwambia mtu. Hata Nassibu hakumwambia.

Safari ya kwanza chama kiliamua isiwe ya baharini. Walitaka kuingia ndani, kufuata mkono wa maji unaopita nyuma ya Kurasini na kukata bara katikati ya mikoko, kuelekea Mzinga. Wangeingia na maji yanayojaa, wale chakula mahali penye kivuli, watoke maji yakianza kupwa. Ignasi alikwenda kwenye tawi la chama tawala kuomba ruhusa, akaambiwa kwa mdomo, nendeni, msichelewe.

"Umeshona, njoo uone yanavyofanya kazi," Nassibu alimwambia mkewe. Siwema akafunga mihogo na samaki wa kukaanga, akaenda.

Waliondoka Kurasini alfajiri imeshatanda. Mwanzoni Siwema alishika ubao kwa mikono miwili. Kisha upepo ukaingia kwenye tanga, kitambaa kikatoa mlio mmoja kama mtu anayekung'uta shuka, kikajaa. Sabasaba ikainama kidogo, ikaenda. Siwema aliyatazama maungio yake, moja moja, toka juu hadi chini, na kila moja lilikuwa limekaza. Alikuwa ameshona maturubai miaka mingi, na yote yalikuwa ya kufunika vitu vilivyokaa. Hakuwahi kuona kitambaa chake kikivuta watu.

"Linavuta," alisema Nassibu kutoka kwenye usukani.

"Naona," alisema Siwema. Na kwa muda hakukumbuka pembe ya chini.

Walipita misitu ya mikoko, maji yakawa membamba, ya rangi ya chai. Mshikamano ilikuwa karibu nao. Margareta, aliyokuwamo Ignasi, ilikuwa nyuma. Ndipo mlio wa bunduki ukapasuka. Kunguru wakaruka kutoka kwenye miti, na sauti ya mwanamume ikaita kutoka ukingoni:

"Shusheni matanga! Njooni huku, mikono ionekane!"

Walikuwa mgambo wa kijiji cha ujamaa kilichokuwa juu ya kilima. Wengi walikuwa na fimbo na mapanga, wawili wana bunduki. Wiki zile redio ilikuwa ikiwaonya watu kila siku juu ya wageni wasiojulikana, na sasa mbele yao zimetokea mashua za kizungu, moja ina jina la kizungu la shaba. Sabasaba na Mshikamano zikasogea ukingoni. Margareta, katika pupa ya kushusha tanga, ilikwenda kukwama upande wa pili wa kitanda cha tope.

Kamanda wao aliitwa Vitalis. Alikuwa mtu mzima, mnene, Mngoni wa Songea aliyehamia kijiji kile pamoja na wengine walipohamishwa. Hakupiga kelele. Aliuliza majina, kazi, makazi, na kila jibu alilirudia polepole kana kwamba analionja.

"Ruhusa iko wapi?"

"Tuliambiwa kwa mdomo, ndugu kamanda," alisema Nassibu. "Katibu wetu yuko kwenye mashua ile iliyokwama. Yeye ndiye aliyekwenda tawini."

"Mdomo," alisema Vitalis.

Akaingia majini mpaka magotini, akaanza kukagua Sabasaba. Aliinua vyungu, akafunua mihogo, akagonga mbao. Kisha akashika tanga lililolala juu ya mashua, akalipitisha mkononi, na vidole vyake vikasimama kwenye pembe ya chini.

"Hapa mbona pazito?"

Vitalis akachomoa kisu, akakata nyuzi moja moja, akakifunua kiraka. Akasoma. Akawasomea wenzake kwa sauti.

"Mimi nina mtoto Kagera," alisema. "Barua yake ya mwisho anasema wanalala mvuani. Na nyinyi hema la askari mmelifanya tanga la matembezi."

Nassibu alimtazama mkewe. Siwema alijua kwamba ameelewa kila kitu papo hapo: kiraka, mishono miwili, kimya cha siku zile.

"Mimi ndiye niliyelinunua," alisema Nassibu.

"Wapi?"

"Bandarini. Kwa mtu simjui."

Vitalis akaamuru afungwe mikono, wakamfunga kwa kamba ya mashua yake mwenyewe. Nassibu hakushindana nao. Akageuza uso upande wa mikoko, na Siwema akaona shingo yake jinsi ilivyokonda, shingo ya mtu aliyebeba magunia tangu ujana, na Siwema akapiga hatua mbele.

"Anadanganya," alisema. "Mume wangu hajui hata turubai linauzwa mtaa gani. Mimi ndiye fundi. Mimi nimenunua, mimi nimeficha maandishi. Yeye ameyaona leo, kama wewe."

"Mama Sofia, nyamaza," alisema Nassibu.

"Sinyamazi."

Vitalis akamgeukia. "Nani alikuuzia?"

Siwema akafunga mdomo. Kamanda akarudisha kisu alani.

"Basi mtakwenda kituoni wote wawili."

Maswali hayo yalikwenda mpaka adhuhuri, na muda wote huo maji yalikuwa yakitoka. Sabasaba sasa ilikuwa imelala ubavu, na kati ya ukingo na Margareta palikuwa na uwanja wa tope jeusi linalong'aa. Watu wa Margareta walionekana wamesimama ndani ya mashua, hawana la kufanya. Vitalis alitaka kumhoji Ignasi na kukagua tanga la mashua ile pia.

"Kamanda, zunguka kupitia kwenye mikoko," alisema mmoja wa mgambo, mwenyeji wa pwani. "Hapo katikati hapabebi mtu."

"Nizunguke kutwa nzima, nao watupe vitu majini? Nitapita."

Akaenda, bunduki begani. Hatua za mwanzo zilishika. Kisha mguu mmoja ukazama mpaka gotini, akauvuta, wa pili ukazama zaidi. Akasimama ajitulize, na kule kusimama ndiko kulikomponza. Tope likampanda mapajani. Mgambo wawili walimfuata mbio, nao wakaanza kuzama, wakarudi wakitambaa kwa matumbo, wamepauka. Wakarusha kamba; haikumfikia. Wakatupa matawi, yakazama. Vitalis aliwaambia wasije tena. Sauti yake ilikuwa ile ile ya polepole, lakini mikono yake ilikuwa imepanuka juu ya tope kama ya mtu anayetafuta ukuta gizani.

Tope lilipomfika kiunoni, kule mdomoni mwa mkono wa bahari maji yakaanza kurudi. Yalikuja bila wimbi, ukanda mwembamba unaotambaa kwenye mifereji, na kaa wakawa wanayakimbia.

Siwema aliwaona wanaume wakitazamana. Akaliendea tanga, akaanza kulifungua kwenye mlingoti.

"Acha," alisema mgambo aliyebaki na bunduki ya pili. "Hicho ni kielelezo cha kesi."

"Kielelezo kinafulika," alisema Siwema, bila kusimamisha mikono. "Maji yale yakimfikia mdomoni, kesi hiyo utaipeleka na nani? Mfungue mume wangu. Yeye anajua kufunga kamba isiyoteleza."

Yule mtu alimtazama, akatazama maji, akamfungua Nassibu.

Wakalitandaza tanga juu ya tope, wakalisukuma mbele kwa makasia. Halikuzama. Lilikaa kama jamvi, likinywea kidogo hapa na pale. Nassibu alitaka kwenda yeye, Siwema akakataa. Nassibu alikuwa mzito, na yeye Siwema ndiye aliyejua maungio yako wapi, sehemu zenye kitambaa maradufu. Akajifunga kamba kiunoni, mwisho wake akamshikisha mumewe. Akalala kifudifudi, akatambaa kwa viwiko kufuata mishono yake. Tope lilimtoka pembeni mwa kitambaa likamwingia mdomoni. Mara moja alisikia kitambaa kikichanika mahali fulani nyuma yake, akasita, akasikiliza, akaendelea.

Alipomfikia Vitalis, maji yalikuwa yamemgusa kifuani. Uso wake ulikuwa karibu na wa Siwema kuliko inavyofaa kwa watu wasiojuana.

"Chukua bunduki kwanza," alisema.

"Sijui kuishika."

"Ishike kama mpini wa jembe. Isiloe."

Akaichukua. Kwa muda mfupi yule mtuhumiwa alikuwa amelala juu ya kielelezo, ameshika bunduki ya mshitaki wake. Akaisukuma nyuma juu ya kitambaa, mtu akaivuta kwa kasia. Kisha akapitisha kamba chini ya makwapa ya kamanda, akafunga mara mbili, akainua mkono.

Makuli na mgambo wakavuta pamoja. Makuli walianza kuitikia wimbo wao wa kazi, polepole, na mgambo wakaufuata. Tope halikutaka kumwachia. Vitalis aliuma meno, akalia kidogo, si kilio cha aibu, bali cha mwili unaovutwa pande mbili. Mwisho kitu kilifyonza, kikaachia, na mtu mzima yule akaja juu ya tanga bila viatu, akabururwa mpaka ukingoni na Siwema nyuma yake, maji yakiwafuata.

Vitalis alikaa mchangani kwa muda, anakohoa. Mtu akampa maji ya kunywa kutoka mtungi wa Sabasaba. Akamtafuta Siwema kwa macho, akamkuta anajifuta tope usoni kwa ncha ya kanga.

"Ahsante, mama," alisema. Akapumua. "Lakini turubai bado ni la serikali."

"Ndiyo," alisema Siwema.

"Na mimi nimeshaliona. Siwezi kusema sikuliona."

"Sikukuomba useme hivyo."

Maji yalipopanda kiasi cha kuiinua Margareta, Ignasi alihojiwa, akaruhusiwa kurudi mjini na mashua zote, Sabasaba ikivutwa kwa kamba maana haikuwa na tanga. Siwema akaongozwa kwa miguu kwenda kituo cha polisi. Vitalis alitembea mbele pekupeku. Nassibu aliambiwa yuko huru, akasema amesikia, akaendelea kutembea kando ya mkewe.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" Siwema alimuuliza njiani.

"Ulikuwa umenishonea mimi."

Jua lilikuwa kali, na tope lilikuwa likikauka na kuwapasukia mwilini.

Kituoni ofisa aliuliza swali lile lile: nani alikuuzia? Siwema alikuwa amelifikiria njia nzima. Alifikiria kusema simjui. Lakini yeye alikuwa fundi wa Kariakoo. Kila mtu alijua anakonunua, na uongo ungemwangukia Nassibu, ambaye tayari alikuwa amedanganya mbele ya mashahidi. Akamtaja Mzee Onesphory. Alipolitaja jina lile aliona kama amelitoa kinywani kwa koleo.

Kesho yake mzee aliletwa. Wakawekwa kwenye benchi moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Basi. Walikaa hivyo mpaka jioni, wanaangalia ukuta.

Mzee alieleza kwamba alinunua kwa mtu aliyesema amenunua kwenye mnada wa vitu chakavu. Mtu huyo hakupatikana. Vitalis aliitwa, akatoa ushahidi wake: maandishi, kiraka, mishono ya kuficha, kisha tope, kamba, bunduki iliyorudishwa ikiwa kavu. Hakupunguza upande wowote. Siwema aliachiwa kwa onyo kali baada ya kulala rumande. Turubai lilichukuliwa. Duka la Mzee Onesphory lilifungwa, likakaa limefungwa mpaka vita vilipokwisha.

Miezi ile Siwema alikuwa akipika, anafunika sahani, anapeleka nyumbani kwa mzee. Mkewe, Mama Winifrida, alipokea sahani mlangoni, akashukuru, akarudisha iliyooshwa. Hakumkaribisha ndani. Duka lilipofunguliwa tena, mzee alimuuzia Siwema kitambaa kama anavyomuuzia mteja yeyote, kwa bei ya haki na kipimo cha haki. Kigoda hakikuwapo tena barazani. Siwema hakuuliza kilikokwenda. Alimwamkia mzee kila asubuhi akipita, akaitikiwa, na hivyo ndivyo walivyoishi hadi mzee alipouza duka na kurudi Kibosho.

Mashua nazo zilikaa juu ya matofali mpaka amani ilipotangazwa. Mwaka uliofuata chama kiliruhusiwa kutoka tena, safari hii kwa barua yenye muhuri. Lakini miezi michache kabla, gunia lilikuwa limemwangukia Nassibu melini likamvunja mgongo, na ingawa alipona akatembea, usukani hakuuweza tena. Wanachama walikaa Kurasini kujadili nani apewe Sabasaba. Majina matatu yalitajwa. Siwema, aliyekuwa pembeni anapiga ukingo wa tanga jipya la amerikani, alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno.

"Nitaishika mimi," alisema.

Wengine waliguna. Mmoja alisema mwanamke usukanini ni mkosi. Ignasi akamtazama Nassibu, Nassibu akasema, "Mnaniangalia nini? Muulizeni mwenyewe kama ataweza."

Hawakumuuliza. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma ya mashua, mumewe mbele yake ameegemea mto, akimwambia lini alegeze na lini akaze. Walipofika kwenye mikoko ya Mzinga upepo uligeuka ghafla, Sabasaba ikayumba, watu wakashika mbao. Siwema alikaza usukani kwa mikono miwili, akakosea, akasahihisha, mashua ikanyooka. Ukingoni watu wa kijiji walikuwa wakiosha vyombo, na mmoja wao, mnene, pekupeku, amevaa kaptura, alisimama akawapungia mkono. Siwema hakuweza kumjibu. Mikono yote ilikuwa na kazi. Nassibu ndiye aliyepunga.